Mlinzi wa Kasoro Zinazojulikana

Jumatatu, 3 Juni

Naanza shajara leo. Kwenye daftari, kwa kalamu ya wino. Nikiandika kwenye kompyuta watasoma. Akina nani? Hilo ndilo ninalotaka kulijua.

Asubuhi nimefika ofisini, nikafungua ukurasa wangu, nikahesabu. Kasoro thelathini na nane! Ijumaa niliziacha arobaini na tatu. Nikahesabu tena kwa kidole juu ya skrini. Thelathini na nane. Tano zimeyeyuka mwisho wa wiki, hivi hivi, bila hata kuaga.

Nieleze, daftari hili lisije likaokotwa na mtu asiyeijua kazi yangu. Ofisi yetu inatengeneza programu ya kuandikia. Barua, ripoti, insha, chochote. Inafanya kazi kwenye mifumo mitatu tofauti ya kompyuta, na kwenye kila mfumo ina vituko vyake. Vituko hivyo mimi ndiye ninayeviandika kwenye ukurasa wa mtandaoni uitwao Kasoro Zinazojulikana. Kila kasoro ina namba, dalili, hatua za kuiona tena, na njia ya kukwepa, yaani mteja afanye nini wakati mafundi hawajairekebisha. Miaka sita nautunza. Orodha ilipofika kasoro mia moja na ishirini nilileta keki ofisini. Niliila peke yangu, wengine walisema wana kazi.

Sasa kuna mtu anaziua. Namshuku fundi mpya wa programu, binti mmoja. Ana miezi mitatu tu hapa. Haongei. Anaziba masikio kwa vile visikizio vikubwa, anainamia kibodi, na ikifika jioni kasoro zimepungua. Nimempa jina la Kimya.

Nimekagua karatasi za kuziondoa zile tano. Zote zina saini. Saini ni yangu. Nakumbuka sasa: Ijumaa jioni nililetewa karatasi nikiwa nimeshavaa koti. Nikajaribu haraka haraka, nikasaini, nikaondoka. Huyu binti ameisoma mpaka saa yangu ya kutoka!

Saa nne Meneja akatuita. Uso umemnawiri. Akasema kasoro zinapungua kwa kasi, hongera kwa wote. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, kutakuwa na kikao. Orodha ikiwa imeshuka chini ya kumi, ukurasa utahamia kwa Mama Simu, mkuu wa simu za wateja, wala hapatahitajika mtu wa kuushughulikia peke yake. Nikauliza, na mtu huyo je? Akasema tutaangalia. Naijua hiyo tutaangalia. Mtunza stoo aliambiwa tutaangalia mwaka juzi, na mpaka leo hatujamtia machoni.

Basi. Siku kumi na moja. Kasoro zisipungue kumi. Nimejipanga.

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya kwanza: kutosaini.

Mezani kwangu kuna kompyuta tatu, moja kwa kila mfumo. Ya kwanza naiita Bibi. Ni ya zamani, inakwenda polepole, na haisahau kitu. Ya pili ni Mjomba, maridadi, haitaki kuguswa ovyo. Ya tatu ni Mtukutu, inafanya lolote unaloiambia, hata lile ambalo utalijutia. Kanuni ya ofisi ni kwamba fundi akisharekebisha kasoro, mimi naijaribu kwenye zote tatu. Isipotokea hata kwenye moja, natia saini, ndipo inaondolewa. Bila Bibi hakuna jaribio, na bila jaribio hakuna saini. Sheria ni sheria.

Kwa hiyo asubuhi na mapema nikachomoa waya wa umeme wa Bibi, nikatangaza kwamba anaumwa. Nikakaa naye kwa huzuni. Nikamfunika na kitambaa.

Saa tatu Kimya akaja na karatasi nne. Akasema Shikamoo. Nikasema Marahaba, na nikamweleza habari za ugonjwa. Akaangalia kitambaa. Akaangalia waya, ambao nilikuwa nimeusahau juu ya meza, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Akauchomeka. Bibi akawaka. Kimya akasema pole kwa kuuguza, akaweka karatasi, akaenda zake.

Amejuaje kwamba tatizo ni waya? Kuna mtu anampa habari. Na ile Shikamoo ya nini? Heshima yote hiyo haiji bure.

Nimesaini nne. Thelathini na nne.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu ya pili: kama wao wanaziua, mimi nitazaa.

Asubuhi nzima nimeisumbua programu. Nimefungua mafaili mia sita kwa mpigo kwenye Mtukutu. Nimebandika neno “samahani” mara milioni moja kwenye Mjomba. Kwenye Bibi nimeandika kwa viwiko. Kijasho kimenitoka mbele ya watu. Hatimaye, saa tano na robo, nikabonyeza kibodi nzima ya Bibi kwa viganja viwili, na programu ikajifunga yenyewe. Nikaruka juu! Nikaiandika papo hapo, Kasoro Na. 144, yenye hatua za kuiona tena: weka viganja viwili, kandamiza.

Kimya akaisoma, akavua kisikizio kimoja, akauliza mteja atafanya hivyo kwa sababu gani. Nikamwambia wateja wana viganja. Akafikiri kidogo. Akasema kweli. Nikajua nimeshinda.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshairekebisha. Isitoshe, akasema viganja vyangu vimemsaidia kugundua chanzo cha kasoro nyingine tatu, na akanishukuru. Akanishukuru! Nimempa adui panga na mpini.

Jambo la pili. Mama Simu amepita mezani kwangu na futi ya kupimia. Amepima dirisha langu, upana na urefu, akaandika kwenye kiganja, akaondoka anaimba. Nimeandika tu hapa: anapima. Meza iliyo dirishani ni moja tu katika ofisi nzima, na ni yangu.

Thelathini na moja.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata silaha!

Mtandao unaandika wenyewe kila ukurasa umefunguliwa mara ngapi. Sijawahi kutazama, naogopa kuvimba kichwa. Leo nimetazama. Kasoro nyingi zinafunguliwa mara tano, mara sita kwa siku. Lakini mbili tu, Na. 31 na Na. 58, zinafunguliwa mara elfu nne na themanini kila siku! Watu wanazipenda. Wanarudi na kurudi. Hakuna mwandishi katika ofisi hii mwenye wasomaji kama hao.

Nimezisoma tena kwa sauti ya chini, nikasisimkwa. Na. 31, ya mwaka wangu wa kwanza: kishale cha kuandikia kinaganda kila programu inapojihifadhi yenyewe, yaani inapoitunza kazi isipotee. Njia ya kukwepa: zima kujihifadhi. Na. 58, ya mwaka wa pili: umeme ukikatika, kazi yote inapotea, kwa sababu kujihifadhi kumezimwa. Njia ya kukwepa: washa kujihifadhi. Sentensi fupi, hazina porojo. Na adabu ya mwisho sikuisahau. Chini ya Na. 31 niliandika: kazi ikipotea, soma Na. 58. Chini ya Na. 58 niliandika: kishale kikiganda, soma Na. 31. Mteja haachwi njiani.

Nitaziweka mbele ya kikao. Waufute ukurasa unaosomwa mara elfu nne kwa siku kama wana ubavu.

Mchana Kimya akaja. Akaomba kuona maelezo ya Na. 31 na Na. 58. Zote mbili, pamoja! Damu ikanichemka. Kati ya kasoro zote thelathini na moja, hizo hizo! Nikamwambia faili limefungiwa kabatini na ufunguo hauonekani. Akasema hamna shida, akarudi mezani kwake. Alikubali haraka mno.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu amenituma kwa dada yake, nimpelekee mfuko wa nguo. Shemeji ana kiduka cha kuchapa barua na kutoa nakala, kompyuta moja, mashine moja ya kuchapisha, na benchi la wateja. Anatumia programu yetu. Sikujua! Kompyuta yake ni ndugu kabisa wa Bibi.

Ukutani amebandika karatasi kwa mkono wake: IKIGANDA, ZIMA. IKIPOTEA, WASHA. Nikamuuliza ni nini. Akasema shemeji wee, hii programu inataka moyo. Asubuhi inaganda, basi anafungua ule ukurasa wa kasoro, unamwambia azime kujihifadhi, anazima. Umeme ukiruka, barua ya mtu imekwenda. Anafungua ukurasa, unamwambia awashe, anawasha. Inaganda. Anafungua ukurasa. Nikamuuliza mara ngapi kwa siku. Akasema kumi na mbili hivi, siku ya umeme mbaya zaidi. Akanisomea Na. 58 yote kwa kichwa, bila kukosea hata nukta.

Msomaji wangu! Wa damu na nyama! Nikajizuia kidogo, halafu nikamwambia anayeandika ni mimi.

Akanitazama. Akanitazama sana. Kisha akanipa kiti, akasema nikae nione.

Alikuwepo mzee mmoja, fundi saa wa zamani, macho yamechoka. Alikuwa anamtajia shemeji maneno ya barua ya kumwandikia binti yake, ambaye hawajasemezana naye miaka minne. Shemeji akaninong'oneza kwamba hii ni mara ya pili, kurasa nne za kwanza zilipotea jana. Mzee akaanza. Mwanangu, mlango wetu bado unakwama palepale, lakini siufungi. Akaendelea hivyo, kuhusu mlango, kuhusu chumba chake, kuhusu siku aliyomfokea na alichotaka kusema badala yake. Wateja wa benchini wakasogea karibu wasikie. Umeme ukaruka.

Kompyuta ilipowaka hapakuwa na kitu. Shemeji akaomba radhi. Mzee akasema si kitu, akakaa, mara hii akasema maneno matatu tu: Njoo nyumbani. Baba. Akasema hayo yanatosha, nguvu za mengine hana.

Nimerudi nyumbani nimefadhaika, nasema kweli. Lakini njiani nikaanza kufikiri. Kwa nini umeme uruke wakati ule ule? Kwa nini mimi niwepo? Na nani alinituma na ule mfuko? Nimemuuliza mke wangu kama anamfahamu Kimya. Ameniuliza Kimya ndiye nani. Amejibu kwa swali. Mambo hayo.

Jumatatu, 10 Juni

Nyumbani hali si nzuri. Shemeji amepiga simu, wameongea nusu saa, na tangu hapo mke wangu ananiita “mwandishi”. Akiomba chumvi: mwandishi, nipe chumvi. Wamekula njama, dada na dada.

Ofisini mabaya zaidi. Kimya amezipata Na. 31 na Na. 58! Nilikimbilia kabatini, kufuli lipo. Nikauliza zimemfikiaje. Akasema amezisoma kwenye ukurasa, ziko wazi kwa dunia nzima. Hilo lilikuwa limenitoka akilini.

Amezichapisha, amezibandika kwenye ubao wake, na kati yake amechora mishale. Mshale mmoja unatoka 31 kwenda 58. Mwingine unatoka 58 kurudi 31. Duara! Nimesimama mbele ya duara hilo kwa muda mrefu, nimejifanya nasubiri maji ya kunywa. Maana yake ni moja tu. Wamepanga kunizunguka, Kimya upande huu, Mama Simu upande ule.

Nimemuuliza ile michoro ni ya nini. Akasema bado anafikiri, atanieleza akiwa na hakika. Mtu mwenye nia njema anaeleza hata akiwa hana hakika. Mimi nimefanya hivyo miaka sita.

Ishirini.

Jumatano, 12 Juni

Kumi na tano! Maji yamenifika shingoni. Mbinu ya tatu, na ni nzuri kuliko zote: kugawa.

Kasoro moja kwenye mifumo mitatu ni kasoro ngapi? Mpaka leo tulikuwa tunasema moja. Uzembe! Bibi ana yake, Mjomba ana yake, Mtukutu ana yake. Asubuhi nimekaa, nimeziandika upya, kila moja mara tatu. Saa nne orodha ilikuwa arobaini na tano. Nikaegemea kiti, nikaweka mikono kisogoni.

Saa nne na nusu simu zikaanza kulia. Wateja wameamka, wamekuta kasoro zimeongezeka mara tatu, wametaharuki. Mmoja aliuliza kama programu imelipuka. Mwingine alikuwa ameshaichomoa kompyuta yake na kuitoa nje ya nyumba. Mama Simu amepokea simu tisini. Kufikia saa tisa sauti ilikuwa imemkauka, anaongea kwa kunong'ona na kuonyesha kwa mikono.

Nikajua atakuja kunivaa. Akaja kweli. Lakini hakusema kitu, hata angetaka asingeweza. Alikuwa na pazia mkononi. Akapanda kwenye kiti, akalitundika dirishani kwangu. Akanionyesha jua, akanionyesha macho yangu, akakunja uso kama mimi ninavyoukunja kila mchana nikisoma skrini. Futi ile ya juzi ilikuwa ya pazia.

Nimeshukuru, nilikuwa sina budi. Lakini nimelichunguza pazia kwa makini. Kwa nini mtu hataki nione nje?

Meneja ameagiza nirudishe orodha ilivyokuwa. Nimerudisha. Kumi na tano. Jioni Kimya ameleta karatasi nne.

Ijumaa, 14 Juni

Kikao kimekwisha. Nitaandika kila kitu.

Orodha ilifika kikaoni ikiwa na kasoro kumi na moja. Moja juu ya kumi! Nilivaa tai. Meneja akanipa nafasi ya kwanza. Nikasimama, nikawaambia wajionee wenyewe, hapa hakuna ukurasa, hapa kuna fasihi. Mara elfu nne na themanini kwa siku, Na. 31 na Na. 58 peke yake. Nikaketi. Wote wakainamisha vichwa. Nilidhani ni kwa heshima.

Kimya akavua visikizio vyote viwili. Sijawahi kuyaona masikio yake. Akasema wasomaji hao si elfu nne, ni watu mia tatu na arobaini. Kila mmoja anafungua mara kumi na mbili. Akaonyesha lile duara. Anayefuata Na. 31 anapata Na. 58, anayefuata Na. 58 anapata Na. 31, na wamekuwa wakizunguka hivyo miaka minne.

Kumi na mbili. Shemeji alisema kumi na mbili.

Nikaelewa. Nikaelewa yote kwa mara moja, na nikatamani sakafu ipasuke. Meneja akauliza nani aliandika. Nikasema tuliandika. Akauliza tena. Nikasema niliandika. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nilikuwa namwona yule mzee anasema hayo yanatosha.

Kimya akasema tangu Jumapili amekuwa akirekebisha chanzo cha zote mbili, programu ijihifadhi bila kukigandisha kishale. Anadhani imekwisha, lakini hana hakika mpaka ijaribiwe kwenye mashine tatu. Akanigeukia mimi. Wakaletwa Bibi, Mjomba na Mtukutu, wakapangwa juu ya meza ya kikao.

Nikakaa mbele ya Bibi. Meneja akasema andika chochote. Vidole vikaanza vyenyewe. Mwanangu, mlango wetu bado unakwama palepale, lakini siufungi. Nikaandika yote niliyoyakumbuka, ya chumba, ya ile siku ya kufoka, ya alichotaka kusema. Kishale hakikuganda hata mara moja. Nilikuwa katikati ya neno Mama Simu alipochomoa waya. Skrini ikawa nyeusi. Mtu alikohoa. Waya ukarudishwa, Bibi akajivuta, akajivuta, akafunguka. Barua ilikuwepo! Yote! Hata lile neno nusu. Tukajaribu kwa Mjomba, ipo. Kwa Mtukutu, ipo.

Meneja akaniwekea karatasi mbili na kalamu. Hapo ndipo nilipopiga hesabu. Kumi na moja toa mbili ni tisa. Nikisaini, nimejifukuza kazi mwenyewe. Nisiposaini, mia tatu na arobaini wanaendelea kuzunguka, na shemeji yumo. Nilikuwa na sababu kumi za kuchelewesha, zote nzuri. Nikasaini. Sijui mkono ulipata wapi ruhusa.

Meneja akahesabu kwa sauti, tisa. Akafunga jalada. Akasema basi ukurasa unahamia kwa Mama Simu, na mimi, akasita, tutaangalia.

Mama Simu akatikisa kichwa. Kwa ile sauti yake ya kunong'ona akasema hauchukui. Akasema yeye anajibu simu, lakini barua zote za malalamiko za miaka sita aliyezisoma mpaka mwisho ni mimi tu. Kimya akaongezea kwamba kosa la kwanza ni la mafundi, maana kasoro zote mbili ziliandikwa wazi na hakuna fundi aliyewahi kuusoma ukurasa. Akasema nilieleza kwa usahihi kila nilichokiona, ila nilikuwa natazama moja moja. Akasema kila programu inapobadilika hutokea vituko vipya, na anamtaka mtu wa viganja.

Meneja akafikiri. Nimebaki. Miezi sita, kisha tutazame tena, na niwe nakaa na Kimya kila asubuhi tusome pamoja. Nilitaka kulia. Nikajikaza. Nilipotoka mlangoni Kimya akanipa karatasi. Alikuwa ameichapisha ile barua.

Jumatatu, 17 Juni

Mapumziko ya mwisho wa wiki yamenipa nafasi ya kutafakari kwa akili iliyotulia. Ijumaa nilipitiwa.

Matukio kwa mpangilio. Jumamosi nilimpelekea shemeji ile karatasi. Jumapili akapiga simu, mzee ameisoma amesimama, akaitia kwenye bahasha pamoja na ile ya maneno matatu, ameituma. Akasema Mungu akubariki, shemeji. Mke wangu hajaniita mwandishi tena. Ameniita kwa jina, mara mbili, na amenipigia pasi shati ambalo sikumwomba. Leo asubuhi Kimya amesema Shikamoo, ameniwekea kiti karibu na chake. Mama Simu, sauti imeanza kurudi, ameniletea chai. Meneja amenipungia mkono kutoka mbali.

Wote! Kwa wakati mmoja! Na hakuna hata mmoja aliyedai kitu. Mimi nimefanya kazi ya kasoro miaka sita, naijua dalili nikiiona. Nani amewaambia? Wanataka nini? Nimekunywa chai kidogo kidogo, nikiangalia nyuso zao. Wamecheka tu.

Nimewaambia naenda maliwatoni. Nimekuja huku ngazini na daftari. Naanza orodha mpya, na hii haipandi mtandaoni.

Kasoro Na. 1. Dalili: watu wanakutetea mbele ya Meneja, kisha wanakuletea chai. Mifumo iliyoathirika: ofisini, dukani kwa shemeji, na sasa mpaka nyumbani. Hatua za kuiona tena: fanya kosa kubwa, likiri, subiri. Njia ya kukwepa: haijapatikana. Hali: wazi. Sitaiondoa, na sitatia saini popote, mpaka nimjue anayewatuma.